Njia ya baiskeli ya pwani itazamwe inapokatikia

Ukiingia leo katika ofisi ya mipango ya mji wa pwani, uwe mkubwa au mdogo, si ajabu ukakuta ukutani mchoro wa njia ya baiskeli inayofuata bahari. Michoro hii inafanana: upande mmoja maji, upande wa pili miti, katikati lami laini isiyo na gari hata moja, na mama anayeendesha na mtoto nyuma yake. Msukumo upo. Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuzihimiza nchi ziingize baiskeli katika mipango yao ya usafiri wa umma, na tarehe 3 Aprili 2024 Bunge, Baraza na Kamisheni ya Umoja wa Ulaya vikatia saini tamko la pamoja kuhusu baiskeli. Fedha zinatafutwa, wakandarasi wanaitwa, na kila mji unataka kutangaza kilomita zake. Ubishi nao umegawanyika kambi mbili. Wapo wanaoshangilia kwamba hatimaye mwendesha baiskeli amepata pake, na wapo wanaolalamika kwamba fedha za barabara zinamwagwa kwenye starehe za wikendi.

Kambi zote mbili zinatazama pasipo. Zinabishania ule ukanda mzuri wa katikati, wakati swali liko kwenye ncha zake. Njia isiyo na magari inakuwa ya usafiri, au inabaki kuwa ya matembezi, kutegemea mambo mawili: inaanzia na kuishia wapi, na inafanywaje kila mahali inapokutana na barabara ya magari. Urefu wake unaeleza machache sana. Kilomita 30 za kuvutia zinazoishia kwenye mzunguko wa barabara uliojaa malori zinaweza kuwafaa watu wachache kuliko kilomita 3 zinazopita nyuma ya nyumba, zikagusa shule na kutokea sokoni. Ndiyo maana naona fedha nyingi zinazotengwa kwa ajili ya njia hizi zinaelekezwa mahali ambapo ni rahisi kujenga, na mahali penye haja panaachwa kwa “awamu ya pili”, ambayo kila aliyewahi kufuatilia miradi anajua hatima yake.

Ili kuelewa kwa nini mambo huenda hivi, tuanze na asili ya njia zenyewe. Nyingi hazikubuniwa na mtu aliyekaa akajiuliza watu wanatoka wapi kwenda wapi. Zimerithiwa. Uingereza, ripoti ya Richard Beeching, aliyekuwa mkuu wa bodi ya reli, ya mwaka 1963 ilipendekeza kufungwa kwa maelfu ya kilomita za reli na stesheni zaidi ya 2,000, na matuta ya reli yakaachwa yaote magugu. Mwaka 1977 kikundi cha wanaharakati wa Bristol kilianza vuguvugu lililozaa shirika la Sustrans, na njia yao ya kwanza ilijengwa juu ya reli iliyokufa kati ya Bristol na Bath. Uhispania ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 1993 na sasa ina zaidi ya kilomita 3,000 za reli zilizogeuzwa. Ireland ilifungua mwaka 2017 njia ya kilomita 46 kutoka Waterford hadi mji wa bandari wa Dungarvan. Pwani ya Liguria nchini Italia, reli kati ya San Lorenzo al Mare na Ospedaletti ilihamishwa bara mwaka 2001, na kitanda chake cha zamani (tuta lililolazwa reli), kinachopita mji wa Sanremo kando ya maji, kikawa njia ya baiskeli ya kilomita 24.

Reli inaifaa baiskeli kwa sababu moja ya kiufundi. Treni ya mvuke haikuweza kupanda mlima mkali, kwa hiyo wahandisi walichimba, wakafukia na kutoboa mahandaki ili mwinuko usizidi mita moja au mbili kwa kila mita mia. Mguu wa binadamu unafurahia kazi hiyo hiyo. Mtoto, mzee, mtu mwenye mzigo au mwenye goti bovu, wote wanaweza kupita bila kushuka. Tena ardhi ni ya mmiliki mmoja, haina haja ya kubomolea watu nyumba, na madaraja yapo tayari. Mwanasiasa akitafuta kilomita za bei nafuu, hatapata zaidi ya hapo.

Lakini reli ilikuwa na shughuli zake. Ile iliyofunguliwa mwaka 1834 kati ya Bodmin na Wadebridge, kusini-magharibi mwa Uingereza, ilijengwa hasa kubeba mchanga wa bahari kwenda mashambani, ambako ulitumika kurutubisha udongo. Leo kitanda chake ni sehemu ya Camel Trail, njia inayoshuka hadi bandari ndogo ya Padstow na kupendwa na umati wa watu kila kiangazi. Ni njia ya kupendeza kweli. Hata hivyo, ukifika Wadebridge, mji mkubwa ulioko katikati yake, njia inapotea na unatokea kwenye mitaa yenye magari mpaka uikute tena upande wa pili. Yaani pale penye nyumba, maduka na shule ndipo ulinzi unapokoma, na pale penye ndege wa mtoni na matete ndipo unaporudi. Mchanga haukuwa na haja ya kwenda shule. Aliyechora reli hawezi kulaumiwa, ila aliyerithi reli na kudhani amerithi mtandao wa usafiri anaweza kuulizwa.

Nisieleweke vibaya, mwelekeo wa reli unaweza kuwa bahati. Sanremo imenufaika kwa sababu reli yake ya zamani ilipita katikati ya mji, stesheni yake karibu na bandari, kwa hiyo njia mpya imejikuta ikiunganisha mitaa ambayo watu wanaishi na kufanya kazi, na kwenda Ospedaletti inapita ndani ya handaki la zaidi ya kilomita moja na nusu badala ya kuzunguka rasi juu ya barabara kuu. Weymouth, mji mwingine wa pwani ya Uingereza, una kijinjia cha Rodwell cha kilomita tatu na kitu, juu ya reli iliyokuwa ikienda kisiwa cha Portland. Kwa urefu hakistahili hata kutajwa kwenye kipeperushi cha watalii. Lakini kinapita nyuma ya nyumba, na mtu anaingia kutoka mtaani kwake. Hapo ndipo tofauti ilipo: njia unayoingia ukitokea mlangoni kwako, na njia ambayo lazima kwanza uifuate kwa gari.

Ile ya kuifuata ina dalili moja isiyofichika. Nenda mwanzo wa njia yoyote maarufu ya namna hii asubuhi ya Jumamosi, utazame maegesho. Nimesimama kwenye moja nikatazama familia zinavyofika: gari linasimama, baba anapanda kwenye kizingiti cha mlango kufungua mikanda ya juu ya paa, baiskeli zinateremshwa moja baada ya nyingine, ya mwisho ikiwa ya magurudumu madogo yenye mnyororo uliochomoka njiani, vidole vinachafuka mafuta, mtoto analia, na nyuma yao gari la pili linapiga honi likitaka nafasi. Njia iliyojengwa kupunguza magari imeyaita magari. Wanafamilia hawa si wajinga wala wavivu. Wengine wanaishi umbali ambao baiskeli ingeumaliza kwa dakika kumi na tano. Wamefanya hesabu ya kawaida kabisa, kwamba kati ya nyumba yao na njia kuna mzunguko mmoja na daraja moja ambapo hawathubutu kumpitisha mtoto, basi wamebeba baiskeli kwa gari.

Hesabu hiyo ndiyo ambayo takwimu za kilomita zinashindwa kuiona. Mzazi hapimi njia kwa wastani. Hasemi kwamba asilimia 95 ya safari ni salama kwa hiyo tuendelee. Anatazama pale pabaya kuliko pote, na jibu lake linatoka hapo. Mwaka 2018 Sustrans walichapisha tathmini ya mtandao wa taifa wa njia za baiskeli waliousimamia na kukiri kwamba takriban theluthi moja tu yake haikuwa na magari, nyingine zote zilikuwa barabara za kawaida zenye vibao vidogo. Mwaka 2020 waliondoa karibu robo ya mtandao kwenye ramani, kwa sababu sehemu hizo hazikuwa salama kiasi cha kuzinadi. Wengi walisoma habari hiyo kama kushindwa: mtandao umepungua, harakati zimerudi nyuma. Mimi naiona kama kazi bora kuliko zote walizofanya katika miaka hiyo. Walikubali kupoteza kilomita za ramani ili kilomita zilizobaki ziaminike. Halmashauri ngapi zingekuwa na ujasiri huo?

Mji wa pwani una ugumu wake ambao miji ya bara haina, na hapa ndipo michoro ya ukutani inapopotosha zaidi. Njia inayopita katikati ya mji wa bara inahudumia watu wa pande zote mbili. Njia inayofuata ufuo inahudumia upande mmoja, upande wa pili ni maji. Nusu ya wateja wake imekwisha kupotea kabla ya kumwaga lami. Isitoshe, katika miji mingi ardhi ya ufuoni ni ya hoteli, bandari, maghala au nyumba za wenye uwezo, na watu wengi wanaishi nyuma, ng’ambo ya barabara kuu inayokwenda sambamba na bahari. Barabara hiyo ndiyo ukuta. Njia nzuri ya ufuoni isiyo na mbavu, yaani vijia vinavyokatiza kutoka vitongojini kuja baharini na vivuko vyenye taa mahali pa kuvukia, ni uti wa mgongo usiobeba mwili. Kwa thamani ya usafiri, kivuko kimoja cha maana kwenye barabara kuu kinaweza kuongeza wakazi wanaoweza kuifikia njia kuliko kilomita tano zaidi za kuelekea rasi.

Kisha kuna mikono ya bahari na midomo ya mito. Miji ya pwani huzaliwa kando ya maji yaliyotulia, na maji hayo huigawa. Matokeo yake ni kwamba kila anayetoka upande huu kwenda ule, mwenye lori, mwenye basi na mwenye baiskeli, anabanwa kwenye daraja moja au mawili, na daraja hilo mara nyingi lilijengwa kwa ajili ya magari peke yake. Unaweza kuwa na njia safi kaskazini na njia safi kusini, na kati yake mita mia nne za daraja lenye kingo za chuma na lori linalopita sentimita chache kutoka kwenye usukani wako. Kupanua daraja au kuning’iniza njia ubavuni mwake ni kazi ghali, haina picha ya kuvutia, na haiongezi hata nusu kilomita kwenye ripoti. Kwa hiyo huachwa. Nikipewa mamlaka ya fungu lote la mradi, ningelimaliza lote hapo kwanza.

Upepo nao haumo kwenye michoro. Mwendesha baiskeli wa kawaida, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, akikutana na upepo wa kilomita 20 kutoka mbele, hewa inamgonga kwa kilomita 35 kwa saa. Kwa kuwa nguvu ya hewa inakua kwa mraba wa kasi, msukumo huo ni zaidi ya mara tano ya ule ambao angeupata siku tulivu. Kwenye ufuo usio na miti wala majengo ya kukinga, safari ya dakika ishirini inaweza kuwa adhabu kwa miezi kadhaa ya mwaka. Anayekwenda matembezi anaahirisha. Anayekwenda kazini anarudi kwenye gari, au kwenye barabara kuu yenye kinga ya majengo. Mtaa mmoja nyuma ya ufuo, wenye magari machache yanayokwenda polepole, unaweza kumfaa kuliko njia yenyewe. Wataalamu wa baiskeli wa Uholanzi hutumia vigezo vitano wanapopanga: mtandao uungane, njia iwe ya moja kwa moja, iwe salama, iwe rahisi kuendesha, na ipendeze. Michoro ya pwani hutimiza kile cha tano, na nusu ya cha tatu.

Na bahari haisamehe ujenzi wa haraka. Januari 2016, miezi michache kabla ya Olimpiki, Rio de Janeiro ilizindua njia ya baiskeli iliyopewa jina la mwanamuziki Tim Maia, imening’inia juu ya miamba kando ya barabara ya Niemeyer. Tarehe 21 Aprili mwaka huo huo wimbi lilipanda kutoka chini, likainua sakafu ya njia kutoka kwenye nguzo zake, na watu wawili wakafa. Sakafu ilikuwa imetazamiwa kubeba uzito wa kutoka juu, na nguvu ya maji ya kutoka chini haikupewa nafasi yake. Miaka iliyofuata sehemu nyingine za njia hiyo zilibomoka kwa mvua kubwa. Mbali na msiba kama huo kuna uchakavu wa kila siku: chumvi inakula bolti na vikingio, mchanga unahamia kwenye lami na kufanya kona iteleze, mbao zinaota ukungu. Usafi wa mchanga pekee ni gharama ya kila wiki, na gharama ya kila wiki haina sherehe ya kukata utepe.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, maana si wote wanaozungumza ovyo. Hoja nzito kuliko zote ni ya zamani. Miaka ya 1970 mhandisi John Forester wa Kalifonia alipinga njia za pekee za baiskeli akisema kwamba mwendesha baiskeli anakuwa salama anapoendesha kama dereva wa chombo kingine chochote, na kwamba njia za pembeni zinahamishia hatari kwenye makutano. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo imepitwa: inamfaa mwanamume mwenye kifua na mwendo wa kilomita 30 kwa saa, na nchi zilizoifuata zimebaki na baiskeli chache. Nusu ya pili bado inauma. Njia ya pande mbili inapokatiza mdomo wa barabara ndogo, dereva anayetoka hutazama upande ambao magari yanatoka, na baiskeli inayokuja kutoka upande mwingine haimo akilini mwake. Njia ndefu ya pwani ina makutano ya namna hiyo kila penye hoteli, kila penye maegesho ya ufukweni. Jibu lipo, nalo ni kuinua njia juu ya tuta kwenye kila mdomo, kubana kona ili gari lipunguze mwendo, na kumpa mwenye baiskeli haki ya kupita kwanza. Pasipo hayo, Forester anashinda ubishi akiwa kaburini.

Hoja ya pili ni ya waenda kwa miguu. Ufuo ulikuwa wao kabla baiskeli hazijafika, na wazee wanaotembea jioni wana haki ya kutoshtushwa na kengele nyuma ya masikio. Mwongozo wa serikali ya Uingereza wa Julai 2020 umesema wazi kwamba baiskeli zihesabiwe kuwa vyombo vya usafiri, na mijini zitenganishwe na watembea kwa miguu. Vancouver, nchini Kanada, imelishughulikia hilo miaka mingi: kwenye ukuta wa bahari unaozunguka bustani ya Stanley Park, baiskeli zina ukanda wao na zinakwenda upande mmoja tu, kinyume cha saa, wakati wenye miguu wana ukanda wa pili kando ya maji. Kwa baiskeli za umeme zinazozidi kuongezeka, njia ya mita mbili na nusu ya kugombania wote itakuwa ugomvi kila Jumapili. Hapa wapinzani wako sahihi, na wanaotetea baiskeli waache kuwaita wakorofi. Lakini suluhisho lenyewe linagusa mahali: kama upana wa ufuo hauwatoshi watu wote, basi nafasi ichukuliwe kutoka kwa magari ya barabara ya jirani. Dún Laoghaire, karibu na Dublin, ilifanya hivyo mwaka 2020, ikatwaa ukanda wa barabara ya pwani na kuufanya njia ya baiskeli ya pande mbili, kwa vizuizi na rangi, ndani ya miezi tu.

Wenye maduka huogopa kupoteza maegesho, na hofu yao ni halali mpaka ijibiwe kwa mpango wa upakiaji wa bidhaa. Sitakaa hapo.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika sana kwenye mikutano, ni kwamba “hapa watu hawaendeshi baiskeli”. Msemaji anatazama barabara ya sasa, anahesabu baiskeli tatu, anahitimisha kwamba haja haipo. Anachokihesabu ni watu waliobaki baada ya hofu kuwachuja wenzao. Sevilla, kusini mwa Uhispania, ilikuwa na baiskeli chache mno mwanzoni mwa miaka ya 2000, joto kali, na imani kwamba utamaduni wa baiskeli ni wa watu wa kaskazini. Kuanzia 2006 mji ulijenga takriban kilomita 80 za njia zilizotenganishwa na magari, zote zikiungana, kwa mkupuo. Ndani ya miaka michache safari za baiskeli ziliongezeka mara kadhaa. Utamaduni ulikuja baada ya lami. Ila tuisome Sevilla yote: kilichofanya kazi ni kuungana kwa njia zile mjini, zikipita walikoishi na walikofanya kazi watu. Mji wa pwani ukijenga ukanda mmoja wa ufuoni kisha ukataja Sevilla kama ushahidi, unakopa sifa ambayo haukuifanyia kazi.

Upande wetu pia kuna madai ya kuachwa. Njia hizi hazitamaliza foleni za mji peke yake bila hatua nyingine, na anayeahidi hivyo anajichimbia shimo. Wala “bila magari” si sawa na “bila ajali”. Uholanzi, yenye njia nyingi kuliko karibu nchi zote, waendesha baiskeli wengi wanaoumia vibaya huumia bila gari kuhusika: wanagonga nguzo iliyosimikwa katikati ya njia kuzuia magari, wanateleza kwenye ukingo, wanagongana wenyewe. Nguzo hizo ni mfano mzuri wa mawazo ya wapangaji. Zinawekwa mwanzoni mwa njia, zikiwa na rangi ya kijivu inayopotea machweo, kumzuia dereva ambaye huenda asingeingia, na mwenye baiskeli ya kubebea mizigo au mwenye baiskeli ya matairi matatu anashindwa kupenya.

Kama haya yana ukweli, mpangilio wa matumizi unapaswa kugeuzwa. Mradi uanze mjini na kutambaa kwenda nje: kwanza daraja, vivuko vya barabara kuu, mdomo wa njia uliounganishwa na stesheni, shule na soko, kisha ule ukanda wa kupendeza. Mitaa ambayo haitapata njia ya pekee ipunguziwe mwendo. Azimio la Stockholm la usalama barabarani, la Februari 2020, lilipendekeza kilomita 30 kwa saa pale magari yanapochangamana na watu, Uhispania ikaufanya kuwa mwendo wa kawaida kwa mitaa yake mingi mwezi Mei 2021, na Wales ikashusha mwendo hadi maili 20 (kama kilomita 32) kwa saa Septemba 2023, kwa kelele nyingi. Mtaa wa mwendo huo, wenye magari machache, unaweza kuwa sehemu ya njia ya baiskeli bila kumwagiwa hata ndoo moja ya lami mpya. Kwa bei ya kilomita moja ya kuning’inia juu ya mawimbi, mji unaweza kupata mitaa mingi sana ya hivyo. Inapungukiwa na kitu kimoja tu, picha.

Na mizani ya kupimia ibadilishwe. Vihesabio vya baiskeli huwekwa katikati ya ukanda wa bahari, na takwimu hutangazwa za Jumapili yenye jua. Takwimu hizo ni za kweli ila zinajibu swali ambalo halikuulizwa. Kihesabio kimoja kihamishiwe pale njia inapoingia mjini, kisomwe Jumanne saa moja asubuhi, siku ya mawingu na upepo, na kando ya idadi yaandikwe mambo mawili zaidi: wangapi walikuwa wanawake, na wangapi walikuwa watoto wa shule wasio na mtu mzima. Halmashauri itakayoanza kuchapisha namba hizo, hata zikiwa za aibu mwaka wa kwanza, itajua ndani ya wiki chache ni makutano gani yanayowarudisha watu nyumbani.